Ribiti Nne Mpya

Kosa langu la kwanza Dubai lilikuwa kusoma kibati kabla ya kuigusa mashine. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, wiki ya tano katika yadi ya mitambo mitumba huko Al Quoz, na mbele yangu palikuwa na kompresa, mashine ya kubana hewa, kubwa kama kabati la nguo lililolazwa. Ubavuni ilikuwa na kibati cha kiwandani kilichoshikwa kwa ribiti nne, misumari mifupi ya kubania bati, kikionyesha aina, namba, nguvu ya mota na mwaka. Nilinakili kila herufi kwenye fomu ya ukaguzi kwa mwandiko niliojivunia, nikapiga mstari kwa rula, nikatia sahihi. Ningependa kusema kwamba sikuziona zile ribiti, zilivyong'aa kama meno ya bandia kwenye mashine iliyopauka kwa jua. Lakini niliziona. Niliziona, na nikafurahi kwamba angalau kitu kimoja katika yadi ile kilikuwa kisafi.

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita, nilipoona katika kundi letu la simu, la watu wa pwani tunaoishi huku, kwamba Ami Harith amefariki na kwamba wanaume watakaa matanga kwa mwanawe, mtaa wa Al Twar, baada ya Alasiri. Nilikwenda. Nilikaa kwenye zulia la sebule yenye mapazia mazito, nikapewa kahawa na kipande cha halua, na mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akasema, "Marehemu alikuwa na jicho la mashine, bwana. Akiitazama mara moja tu, anakwambia bei yake." Wengine wakaitikia. Nilitafuna halua yangu polepole. Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika, hata kitambaa cha kufutia macho nilikuwa nacho mfukoni, kwa sababu mimi hujiandaa kwa kila kitu. Huzuni haikuja. Kilichokuja ni hamu ya kuwaambia wote walionyanyua vikombe kwamba jicho lile la mashine lilikuwa na nyundo, patasi na mfuko wa ribiti mpya.

Ami Harith ndiye aliyekuwa msimamizi na muuzaji wa yadi. Alikuwa mtu wa Unguja, wa zile familia zilizokaa Ghuba miaka mingi lakini Kiswahili chao hakijapata hata mkwaruzo, na alivaa kanzu nyeupe mahali ambapo sisi wengine tulinuka dizeli kuanzia asubuhi. Mwenye yadi, ambaye sote tulimwita arbab, alifika mara mbili kwa wiki, akakaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, akauliza nini kimeuzwa, akaondoka. Siku nyingine zote yadi ilikuwa ya Ami. Mimi nilitoka Mombasa na cheti cha uandishi wa ofisi. Kuhusu kompresa nilijua tu kwamba hujaza matairi. "Wewe una mwandiko mzuri, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Na miwani. Kaa hapa uwe unaandika fomu." Nikamwita ami kuanzia siku ile, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na ukishamwita mtu ami, huulizi ametoa wapi kile alichokupa usome.

Kompresa ile ilinunuliwa na Bwana Massawe, fundi samani wa Arusha, aliyetaka hewa ya kupulizia vanishi. Alinitazama mimi, si mashine. Akaiangalia fomu yangu, akaiangalia rula, akasema sawa. Wiki tatu baada ya mzigo kufika kwake, ulikuja ujumbe wake wa sauti katika simu ya ofisi, na Ami Harith akaupiga kwa sauti kubwa bandani, wakati wa chakula cha mchana, sote tukiwa tumezunguka sinia la wali na samaki wa kukaanga. "Kijana," alisema Bwana Massawe, na nyuma yake ilisikika mashine ikikohoa mfano wa mgonjwa wa pumu, "mashine hii ni nzee kuliko wewe. Nimefungua ndani, kila kitu kimekwisha. Nilikuamini kwa sababu ulivaa miwani." Watu walicheka mpaka wali ukawapalia. Ami alinitazama kwa masikitiko mazuri sana, ya baba, akasema, "Ndiyo kujifunza, mwanangu. Lakini siku nyingine, soma vizuri."

Kuanzia hapo nikawa Bwana Kibati. Ami ndiye aliyelitoa jina na ndiye aliyelilisha kila siku, maana jina la utani likiachwa njaa hufa. Tukikaa kula, ananisogezea mkebe wa maziwa. "Bwana Kibati, hebu tusomee. Huyu ana nguvu za farasi wangapi?" Nikinyamaza, wananisubiri. Nikicheka, wanacheka zaidi. Siku moja nilijaribu kujibu kwa mzaha, nikasema ana farasi wawili na ng'ombe mmoja, na kwa dakika nzima nilijiona nimeokoka, mpaka Ami akasema taratibu, "Tia sahihi basi." Nilikwenda nyuma ya makontena, nikasimama nimeegemea chuma kinachounguza mgongo, nikazitafuna kucha zangu hadi kidole kimoja kikatoa damu. Jambo lililonila si kicheko. Ni kwamba niliamini ninastahili. Mimi ni mtu wa kuhakiki jiko la gesi mara tatu kabla ya kutoka. Nilikuwa nimefanya kosa kwa maandishi, na sahihi yangu ilikuwa chini yake.

Imani hiyo ilidumu wiki mbili. Kisha alasiri moja nilikuwa stoo, nikipanga vitabu vya mitambo vilivyotupwa na makampuni yaliyouza mashine zao, na ukuta uliotenganisha stoo na ofisi ulikuwa wa jasi, mwembamba kiasi cha kumsikia mtu akikoroga sukari upande wa pili. Ami alikuwa kwenye simu na rafiki. "Hapana bwana, mimi kwenye fomu sikutia hata nukta," alisema. "Katia yule kijana wa Mombasa. Kibati nimekibadilisha mwenyewe Ijumaa, yeye Jumamosi kakisoma kama barua ya mchumba." Akacheka, akanywa kitu. "Miwani ile, nakwambia, yauza kuliko mimi." Nilikuwa nimeshika kitabu kinene cha kompresa ya aina ileile. Sikukitupa, sikupiga ukuta. Niliketi juu ya katoni nikakifungua ukurasa wa kwanza, na sijui niieleze vipi raha iliyonishika, raha ya baridi, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo chumbani kwake kumbe chumba ni cha mwingine. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimetumiwa. Kwa ujinga hakuna cha kufanya ila kuona haya, lakini kutumiwa kuna dawa yake.

Basi nikajifundisha. Chumba chetu kilikuwa cha watu sita, vitanda vya ghorofa, na wenzangu walitazama mpira huku mimi nikinakili michoro kwenye daftari. Nikikosea mstari mmoja nachana ukurasa na kuanza upya, mpaka aliyelala chini yangu akaniuliza kama naandika kitabu au nafuga panya. Nilijifunza kwamba kibati cha nje ni shati tu, mtu huweza kuvishwa lolote. Mota ina kibati chake. Tangi la mafuta na hewa lina chake, kilichochomelewa, na kukitoa lazima ukitie jeraha. Kichwa, yaani kile chuma chenye skrubu mbili zinazobana hewa, kimepigwa namba mwilini mwake. Vyote vinne vikizungumza lugha moja, mashine ni mkweli. Nilijifunza kwamba saa ya kuhesabia kazi iliyofanywa hubadilishwa kwa robo saa, lakini harufu ya mafuta yaliyoungua haibadilishwi, wala vumbi lililoganda katikati ya mapezi ya rejeta, wala mngurumo wa beringi ukiweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni. Nilijifunza kupima hewa bila kifaa chochote: unafunga kompresa kwenye tangi tupu unalolijua ujazo wake, unawasha, unaangalia kwenye simu geji ya hewa imechukua sekunde ngapi kufika saba. Mashine iliyochoka huchukua karibu mara mbili. Bei haitoki kwenye mwaka ulioandikwa. Hutoka kwenye hewa inayotoka, na kwenye gharama ya kurudisha ile isiyotoka.

Na nilijifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Ami Harith hakuwahi kumwonyesha mteja kompresa baada ya saa mbili asubuhi. Saa moja kamili, jua likiwa bado na adabu, alikuwa amekwisha kuimwagia rejeta maji kwa mpira, "ing'ae," anaiwasha, anaiacha dakika kumi, anazima, anampeleka mteja kwenye chai. Kompresa mbovu ikipozwa hivyo hupumua vizuri kwa dakika kumi. Al Quoz saa tano mchana, mwezi wa Agosti, haipumui hivyo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningeiruka kama ningekuwa mtu mwingine. Nilipata ushahidi wa kwanza mwezi wa tatu: picha ya kibati kipya na ya tangi lililokuwa na umri wa miaka tisa zaidi, mashine moja. Ningeweza kumpelekea arbab siku ile. Sikupeleka, nikajiambia kwamba picha moja si kitu, atasema mota ilibadilishwa, atasema mimi nina kinyongo, na kinyongo nilikuwa nacho kweli. Nilitaka shauri lisilo na tundu. Nikangoja ya pili, nikapiga picha. Ya tatu. Ya nne. Kila mara nilijaza fomu kwa mwandiko uleule mzuri, nikatia sahihi ileile, mashine ikafungwa kwa mnyororo na kupakiwa kwenda kwa mtu fulani Mwanza au Lubumbashi, na mimi nikaandika katika daftari langu tarehe na namba zote nne. Nililipenda daftari lile. Nililala nalo chini ya mto. Lilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu kilichokuwa hakina kosa hata moja.

Mwezi wa nane akaja Madam Ruth. Alikuwa Mganda aliyewahi kulinda mlango wa duka kubwa Al Barsha kwa miaka sita, akarudi Kampala, akafungua na dada yake karakana ya matairi na rangi za magari. Alikuwa ameuza kiwanja ili apate kompresa kubwa. Ami alinituma nikamchukue hotelini kwa gari la yadi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimfikishe saa moja. Nilimkuta amesimama barazani amevaa viatu vya kazi. "Mimi sitaki maneno mingi," aliniambia akifunga mkanda. "Nataka hewa."

"Umepata kifungua kinywa, madam?"

"Nimesema nini sasa hivi kuhusu maneno?"

Lakini nilijua mkahawa mdogo, si mbali, ambapo walitengeneza chapati iliyoviringishwa mayai na nyanya kama ya kwao, na alipouona ubao wake alilegea. Tulikula. Akaagiza ya pili. Akanisimulia jinsi alivyosimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku akiwafungulia mlango watu waliomwona kama mlango. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni mwangu. "Ami," nilijibu kwa sauti laini kabisa, "madam bado anakula. Inshallah tunakuja." Saa mbili ikapita. Nikampeleka kwanza kwa muuza mipira ya kupitishia hewa, nikamwambia atahitaji bei zake, jambo ambalo lilikuwa kweli. Saa tatu, saa nne. Ilikuwa siku ya arbab kuja, na hilo nalo nilikuwa nimelipima.

Tulipoingia yadini saa nne na nusu, Ami Harith alikuwa ameloa mgongo wa kanzu. Rejeta ilikuwa imekauka zamani. Arbab alikuwa ametoka ofisini na kusimama kwenye kivuli cha banda, akitaka kuona mteja aliyechelewa hivi ni nani. "Yalla, yalla," Ami alisema, "tuwashe dakika mbili tu, madam, jua hili litakuua, kisha tukanywe chai." Akawasha. Mashine ikanguruma vizuri. Baada ya dakika mbili akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kuzimia.

"Ami," nikasema, "naomba tuiache kidogo. Ipate joto."

"Joto la nini, mwanangu? Ishaonekana."

"Mimi bado najifunza, ami. Sijawahi kuiona ikifanya kazi ya mchana."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na sijaona neno la kubadilisha. Madam Ruth alinitazama, akamtazama Ami, akakunja mikono. "Iache," akasema. "Kwangu hatufanyi kazi alfajiri." Tukasimama tukikikodolea macho kioo kidogo kinachoonyesha joto. Themanini na tano. Tisini na mbili. Ami akaanza kumsimulia arbab jambo kwa Kiarabu, haraka, akicheka. Tisini na tisa. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikaja, nami nikaivuta kama mtu anavyovuta udi. Mia na nne. Mia na kumi, taa nyekundu, na mashine ikajizima yenyewe kwa mguno, ikaacha ukimya ambao niliusubiri miezi mitano.

Nikapiga magoti kando ya tangi, nikafuta kibati kilichochomelewa kwa kitambaa cha miwani. "Ami, kusoma ndiyo kazi uliyonipa," nikasema. "Lakini leo macho yangu mabaya. Naomba unisaidie mwaka ulio hapa, kisha mwaka ulio pale kwenye ribiti mpya." Hakuinama. Arbab ndiye aliyeinama, kwa shida, akishika goti lake, akasoma cha tangi, akaenda kusoma cha ubavuni, akagusa ribiti moja kwa kidole gumba. Nikampa daftari. Alilifungua, akageuza kurasa, mashine nne, picha zake nilizozibandika, namba zimepangwa kwa rula. Hakuuliza mengi. Alimwambia Ami neno moja, "Khalas," yaani yamekwisha, na Ami Harith, ambaye nilidhani atapiga kelele, alikung'uta kanzu yake tu kama aliyekaa mahali pa vumbi.

Alipopita karibu nami alisema kwa upole uleule wa siku zote, "Umenichinja kwa adabu, Bwana Kibati." Nikamjibu, "Ahsante, ami." Furaha niliyoisikia wakati ule sijaisikia tena, hata siku ya harusi yangu, na sioni sababu ya kuikana kwa kuwa tu mwenyewe amekufa.

Madam Ruth alikuwa bado amekunja mikono. Nilimgeukia nikitegemea shukrani. Nilikuwa nimeokoa kiwanja chake.

"Hiki kitabu chako," alisema, "cha kwanza ni lini?"

Nikamwambia mwezi wa tatu.

"Na huu ni wa nane." Akahesabu kwa kidole hewani, moja, mbili, tatu, nne. "Hawa wengine nao walikula chapati?"

Nikaanza kufuta miwani yangu.

"Basi muko wawili, wewe na huyu mzee," alisema, akaenda kusubiri garini. Nilimrudisha hotelini. Hakununua kitu kwetu. Sikumlaumu, lakini nilimkasirikia kwa muda mrefu, kwa sababu alinichafulia siku pekee niliyokuwa sina kosa.

Arbab alinipa kazi ya Ami. Wiki ya kwanza nilimpigia simu Bwana Massawe nikamwambia yote, kisha nikayarudia. Nikawatafuta wale wanne. Wawili niliwapata, mmoja alinitukana kwa Kilingala, nikamsikiliza mpaka mwisho bila kuelewa maneno, ila maana niliielewa. Wawili namba zao hazikupatikana na hazijapatikana hadi leo. Kwao mashine zile zilikohoa na kufa, na fomu waliyobaki nayo mkononi ina mwandiko mzuri.

Pale Al Twar, kabla sijaondoka, yule mzee wa jicho la mashine aliniuliza nilijuana na marehemu wapi. Nikasema alinifundisha kazi. Akasema, "Mola amlaze pema," na watu wakaitikia amina. Mimi nilinyanyua kikombe nikanywa tone la mwisho. Sijamsamehe Harith, na sidhani kwamba mauti ni sababu ya kumwandikia fomu mpya. Lakini nilipovaa viatu vyangu mlangoni, aliyekuwa akinisumbua kichwani hakuwa yeye. Walikuwa wale wawili.

Kilichobadilika ni hiki. Daftari sinalo tena; arbab aliponirudishia nililichana. Siku hizi mashine ikishushwa yadini naigusa kwanza, nasoma tangi, mota na kichwa, na kibati cha ubavuni nakisoma mwisho. Nikikuta ribiti mpya, nasema siku hiyohiyo, kwa picha moja, hata kama sina hakika, hata kama nitaonekana mjinga.